Aliyepanda Mwenyewe

Kila asubuhi mtu waliyemwita Chuma alimbeba mdogo wake wa kike mgongoni, akavuka naye barabara kuu, akamkalisha kwenye ukingo, kisha akarudi mbio kuchukua kiti chake cha magurudumu. Barabara ile haikuwa na mahali pa kupitisha gurudumu. Ilikuwa na mtaro, kingo za zege na magari yasiyomjua mtu. Wapita njia walimsifu. "Huyo ndiye ndugu," walisema, wakaendelea na safari zao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Chuma alikuwa amechoka, na tusifichane, alikuwa amechoka kiasi cha kuanza kumchukia huyo wa mgongoni mwake.

Mdogo wake alilijua hilo. Jina lake la nyumbani lilikuwa Sindano, kwanza kwa sababu ya ulimi, halafu kwa sababu ya kazi, maana alishona utadhani alizaliwa na uzi mkononi. Miguu haikuwahi kumbeba tangu utotoni. Alikuwa akitia viraka barazani kwa watu, lakini mwenye karakana moja ya sare za shule alishaiona kazi yake na kumtaka. Alimpa sharti moja tu.

"Uje mwenyewe, tena mapema," alimwambia. "Sitaki fundi wa kuletwa kama kifurushi."

Nafasi hiyo ilingoja kituo kipya cha mabasi. Kituo kilikuwa na daraja la kuvukia barabara, na rampu ya zege ya kupandishia viti vya magurudumu hadi darajani, na ng'ambo yake basi la kwenda mpaka mlangoni mwa karakana. Sindano alikisubiri kituo kile kama mwenye mimba anavyosubiri siku zake.

"Kikifunguliwa tu, kaka," alisema, "mgongo wako nakurudishia."

Sasa, Chuma alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa kituo hichohicho. Rampu aliijua kwa jasho lake. Ilitakiwa iwe ndefu, izunguke, ipande taratibu. Lakini wakubwa walipatamani pale pa kuzungukia, wakapajenga vibanda vya kupangisha, na rampu ikakatwa ikawa fupi, imesimama wima kama ina hasira na mtu. Siku moja toroli la mchanga lilimshinda Chuma katikati, likamrudia, likamchubua ugoko. Alilitukana, akafuta damu, akaendelea na kazi. Njia ya mwongo ni fupi, na ile nayo ilikuwa fupi.

Kazi ilipokwisha, vibarua wakalipwa na kutawanyika. Msimamizi alimwita Chuma pembeni.

"Kabla ya kufungua, lazima mlemavu apande mbele ya wapiga picha," alisema. "Chama chao kinataka kutuletea mtu wao, mmoja mwenye futi ya kupimia na domo. Atatuharibia. Namtaka mtu mtulivu."

"Mdogo wangu anatumia kiti," Chuma alisema.

"Ana maneno?"

"Kama cherehani."

"Basi hafai." Msimamizi alimtazama mabega, akamtazama mikono. "Kiti chake je?"

Ndivyo ilivyokuwa. Akijifanya yeye ndiye mlemavu, Chuma aliahidiwa kazi ya kudumu kwenye stoo ya kampuni, kivulini, bila zege wala toroli. Alijiambia kwamba kituo kikifunguliwa mapema, Sindano naye ataanza kazi mapema, kwa hiyo dhambi ni ndogo na faida ni ya wote wawili. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hesabu.

Siku ya majaribio alimwambia mdogo wake kwamba gurudumu linalia, anakipeleka kiti kwa fundi. Akamshusha mkekani, akamsogezea maji, akaondoka nacho. Kiti kile hakikuwa na mwenzake mjini. Mgongo wake ulishachanika, na Sindano aliutia kiraka kwa mikono yake mwenyewe, kipande cha pazia kuukuu lenye maua mekundu.

Chuma alijifunika blanketi miguuni, akapanda. Mikono ya kubebea saruji si mikono ya kushikia uzi. Hata hivyo katikati, palepale toroli lilipomshinda, kiti kilisita, kikaanza kurudi. Akateremsha mguu mmoja kwa upande ambao haukuwa na kamera, akajisukuma kwa kisigino, akafika juu. Watu wakapiga makofi. Mkubwa mmoja wa jiji akakata utepe, akasema hakuna raia atakayeachwa nyuma tena.

Mchana msimamizi alimkalisha Chuma mahali pa kula na kunywa, na mvua ikawakuta hukohuko. Kiti walikiingiza ndani kisilowe. Nyumbani, nguo za wateja zilikuwa zimeanikwa nje. Sindano alijikokota kwa viwiko hadi uani, akazivuta moja baada ya nyingine, akarudi nazo akiwa na tope mpaka kidevuni.

Jioni alikijaribu kiti. Chuma alikuwa amekipaka grisi.

"Kweli hakilii tena," Sindano alisema. "Asante, kaka."

Asante ile ilimkwama Chuma kama mwiba wa samaki, lakini aliimeza.

Msimamizi alishamwachia onyo moja. "Pale kituoni usionekane umesimama, hata siku moja. Ukija, uje umekaa. Wakikuona unatembea tumeumbuka wote, na stoo uisahau." Chuma alicheka, akakubali. Hakuwa na shida ya kwenda kituoni. Wiki hiyohiyo walitundika bango kubwa juu ya rampu: Chuma na blanketi lake, anatabasamu, ameipa kamera kisogo nusu na maua mekundu ya kile kiraka yanaonekana vizuri. Chini yake waliandika, NIMEPANDA MWENYEWE.

Asubuhi ya kwanza ya kazi Sindano aliamka kabla ya jogoo. Alivaa gauni alilojishonea, akachukua mkasi wake na futi yake.

"Nikusindikize?" Chuma aliuliza, akiomba Mungu akatae.

"Leo naenda mwenyewe. Usinifuate, utanitia aibu."

Kituo kilikuwa upande wao wa barabara, na njia ya kufikia pale ilikuwa imesakafiwa upya. Aliteleza nayo akiimba. Chuma alimfuata kwa mbali, maana ugoko wake ulikuwa bado unalikumbuka toroli. Akajificha nyuma ya kibanda cha magazeti.

Sindano alianza kupanda vizuri. Katikati, mikono ikaanza kutetemeka. Mwanamume mmoja mwenye mkoba alitaka kumsukuma, lakini mama mmoja akamzuia.

"Mwache, baba. Hawa hawapendi kuonewa huruma. Soma bango."

"Jitahidi, dada," mlinzi alisema kutoka chini. Alikuwa mpya, na sare yake mpya. "Yule mwenzako alipanda bila kushikwa."

Sindano aliinua macho. Kwanza aliona maua yake, mshono wake. Kisha akaiona sura. Aligeuza shingo, akatafuta kule chini kama mtu anayemjua vizuri nduguye, na akampata.

"Kaka," alisema. "Njoo unishike, kaka. Nateleza."

Chuma alipiga hatua moja. Ndipo akamwona msimamizi, amesimama pale chini na wageni kutoka mji mwingine waliokuja kujifunza namna ya kujenga vituo. Msimamizi alimwona vilevile, akatikisa kichwa kidogo tu. Chuma alikumbuka stoo. Alikumbuka kivuli. Akakaa chini sakafuni na kuikusanya miguu yake chini yake, kama vile ilikufa siku aliyozaliwa.

Sindano alimwona akikaa. Mikono yake ikaachia magurudumu, na kama ilikuwa imechoka au imekata tamaa, hata yeye hakuja kujua. Kiti kilirudi kinyumenyume kwa kasi, kikagonga nguzo ya mwisho ya rampu, kikapinduka. Aliangukia mkono wa kulia. Kifundo kilivunjika, na waliokuwa karibu walikisikia.

Mlinzi alikiinua kiti kwanza. Alitazama maua, akatazama bango, akatazama huku na huku mpaka akamwona mtu aliyekaa chini karibu na kibanda.

"Si ndiye yule?" alisema. "Kumbe kiti ni chake. Dada, umechukua kiti cha mwenzio, umemwacha anatambaa?"

"Ndiye," msimamizi alidakia upesi. "Mrudishieni kiti chake."

Watu walianza kunung'unika. Wengine walisema angeiba kwa nani kama si kwa mlemavu mwenzake. Mwenye mkoba akamwinamia Sindano.

"Unamjua yule?"

Chuma alimtazama mdogo wake. Macho yake yalikuwa yanaomba, ila mwenyewe hakujua yanaomba nini. Sindano aliutia mkono uliovunjika kwenye upindo wa gauni, akaitazama ile miguu iliyokunjwa.

"Namjua," alisema. "Ni kaka yangu. Mpeni kiti. Hawezi kutembea."

Wakamnyanyua Chuma, mmoja kwapani, mmoja miguuni, wakamkalisha kwenye maua mekundu. Wageni wakaomba wamwone akipanda. Alishika magurudumu, mikono ikamkatalia, ikabidi mlinzi na mwenye mkoba wamsukume pamoja. "Rampu hii ni kali," mwenye mkoba alisema akihema.

Walipofika juu, chini ya bango, wageni wakapiga makofi. Kutoka pale darajani Chuma aliona pande zote mbili. Upande mmoja mdogo wake alikuwa amekaa kwenye saruji, na watu wanampita. Upande wa pili basi la karakana lilifungua milango, likaifunga, likaondoka. Alikuwa na miguu miwili mizima, na wote walikuwa wanamtazama.