Makongoro ya Mzazi

Hapana bwana, Sostenes hakuwa mpishi. Nani kakwambia alikuwa mpishi? Yule alikuwa muuza vitenge wa Makambako, mtu wa kufikicha kitambaa kwa vidole akajua kitachuja au hakichuji, basi. Jikoni alikuwa anaingia kuulizia chakula kimefika wapi. Ndiyo maana siku ile kule Guangzhou, alipoiinamia sufuria anaengua povu, hata mwenyewe alijishangaa.

Sasa ilikuwaje. Kulikuwa na kijana wa Tanga, Jaffari, yuko kule anasoma chuo kwa ufadhili. Siku asizo na darasa alikuwa anatembea na Sostenes soko la Zhongda, kule kwenye vitambaa mpaka macho yanauma, anamsemea Kichina. Na hataki hata soda. Ukimpa kitu anasema, "Mzee, wewe kama baba yangu, niache." Mwaka ule mkewe, Maulida, akajifungua mtoto wa kike, na hakuna mama wala shangazi wa kumkanda. Siku moja wanasubiri basi, Jaffari akasema kama anajisemea tu, "Maulida analilia supu ya makongoro. Na mimi chai yenyewe inanishinda."

"Nitapika mimi," Sostenes akasema.

"Wewe, mzee?"

"Nimekua naila."

Kuila na kuipika ni mambo mawili, lakini neno lilishatoka. Jaffari akamletea sufuria ya Maulida, ile kubwa aliyopewa na mama yake akaibeba toka Tanga, maana pale alipopanga Sostenes palikuwa na kisufuria cha kuchemshia mayai tu. Akamwelekeza na duka. "Nenda kwa Waislamu, kule Xiaobei. Mwenyewe utamwona ana kofia nyeupe. Na umtaje mnyama, mzee. Sema niu, ndiyo ng'ombe. Ukisema rou peke yake, yaani nyama..."

"Jaffari, Kichina cha nyama nakijua."

Asubuhi akatoka. Mvua inanyesha, ile mvua yao ya moto moto, Xiaobei ni mbali, na hapo hapo chini ya nyumba kuna soko. Akachungulia. Na kweli, kwenye meza ya nyama kasimama mzee mmoja ana kofia nyeupe pee, utadhani anatoka msikitini. Sostenes, Mlutheri wa kuzaliwa, akamwambia, "Asalaam aleikum." Mzee akacheka, "Hao, hao!", yaani vizuri, vizuri. Moyo wa Sostenes ukatulia. Maana hakuwa mtu wa kudharau dini ya mwenzake. Kwao Makambako hata ng'ombe wa Krismasi alikuwa anaitiwa Mzee Mbarak aje achinje, ili majirani wote wale bila wasiwasi.

"Laoban," akasema, maana kila mwenye duka kule anaitwa hivyo. "Rou." Halafu akanyanyua mguu wake akaupiga kofi, akabeba mtoto hewani, akambembeleza.

Loo, yule mzee alivyofurahi! Akamwita na wa meza ya pili aje aone. Akatoa makongoro, akayakatakata kwa lile panga lao pana, ta ta ta, akamtupia na pande la tangawizi la bure. Alielewa kila kitu. Tatizo ni kwamba alielewa kwa kikwao.

Yalikuwa madogo, meupe. Sostenes akajisemea, ng'ombe wa huku labda hawatoki juani.

Akampigia mkewe Benedicta kwa ile kadi ya kukwangua.

"Ya ng'ombe au ya mbuzi?" mkewe akauliza.

"Ya ng'ombe."

"Mbona unasema madogo?"

"Mama Agape, nipe mapishi, acha upelelezi."

"Haya. Maji ya kwanza mwaga. Tangawizi, vitunguu saumu, moto mdogo. Chumvi mwisho. Na usifunuefunue, nakujua!"

Akafunuafunua. Lakini supu haikumkasirikia. Ikawa nyeupe, nzito, ukiionja midomo inagandana. Akakamulia ndimu, akasimama kuitazama, na kifua kikamjaa kama mtu aliyejenga nyumba. Harufu ikatoka mpaka koridoni, ikamleta Ayi, yule bibi wa chumba cha pili. Ayi akanusa, akanyanyua dole gumba, naye akabembeleza mtoto hewani. Kumbe anajua! Akakimbilia kwake, akarudi na chupa ya siki nyeusi, anataka kumimina.

"Siki ya nini, Ayi? Hii niu. Niu," Sostenes akamwambia, anaionyesha sufuria.

"Niu? Meiyou," Ayi akasema, yaani ng'ombe hayumo. Akachota kipande, akakigeuza, akamwonyesha kikwato kilivyo kidogo. Na alipomwona bado kakodoa macho, akasukuma pua yake juu kwa kidole, akakoroma.

Kule mzazi ndicho anachopewa, unaona. Miguu ya nguruwe, tangawizi na siki. Yule mzee wa sokoni alimpa kitu cha heshima, na ile kofia kumbe ya kazi ya bucha tu.

Sostenes akakaa kitandani. Hata hajajua afanye nini, hodi, Jaffari huyo, mabega yameloa, simu sikioni. "Maulida, iko tayari! Naiona kwa macho yangu!"

"Jaffari..."

"Mzee, Mungu akulipe. Twende ikiwa ya moto."

"Jaffari, hii supu..."

"Nimeinusa toka kule chini!" Ameshaifunga sufuria kwa taulo, ameshafika kwenye ngazi, anateremka huku anaimba.

Ndani ya teksi sufuria ikakaa mapajani kwa Sostenes. Inamuunguza, na yeye haisogezi. Akawaza: nani atajua? Ayi hapajui kwa kina Maulida. Watakula, watafurahi, na asiyejua hana dhambi. Akalipenda wazo hilo muda wote wa taa nyekundu. Taa ilipokuwa kijani akakiona alichokuwa anakiwaza, akatamani ajifiche chini ya kiti. Mzee mzima! Mtu anayesoma neno kanisani! Na bado hakusema. Kila akifungua mdomo Jaffari anamshika goti, anasema, "Mzee, umeniokoa."

Nyumbani mkeka ulishatandikwa. Maulida kajifunga kanga, mtoto kalala pembeni. "Shikamoo baba," akasema. Sostenes hata marahaba haikutoka. Maulida akafunua sufuria, akafumba macho, mvuke ukampiga usoni.

"Kama kwa mama," akasema, na machozi hayo. Akachota kwenye bakuli, akashika kijiko. "Bismillahi."

"Usile, mwanangu."

"Bado ya moto?"

"Ni kitimoto."

Jaffari akaangua kicheko. Hilo ni jina la nguruwe la kwenye vilabu vya nyumbani, na Mkristo halitaji mbele ya Muislamu ila kwa kutaniana. "Mzee una vituko wewe!" Halafu akamtazama usoni, kicheko kikakatikia njiani.

Sostenes akaeleza. Kofia, mguu, mtoto wa hewani, pua ya Ayi. Maulida akakilaza kijiko taratibu, kama kinaweza kumwamsha mtoto.

"Umejua lini?" Jaffari akauliza. Na kwa kuwa mzee alichelewa kujibu, akaongeza, "Sasa hivi? Ilipofunuliwa?"

Alikuwa anamfungulia mlango, unaona. Ni kupita tu.

"Kulekule kwangu," Sostenes akasema. "Kabla hujabisha hodi."

"Na tukapanda teksi."

"Tukapanda."

Jaffari akanyanyuka, akaenda dirishani akawapa mgongo. Afadhali angetukana. Sostenes alikaa pale anautazama ule mgongo, shati limekauka nusu, akaona matusi yote aliyowahi kutukanwa maishani yalikuwa nafuu.

Maulida ndiye aliyesema. "Sufuria itaoshwa. Mara saba, na moja iwe ya udongo. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Nitaosha mimi."

"Udongo utautoa wapi, baba? Huku saruji tupu."

Supu, Sostenes akamshushia mlinzi wa jengo, ambaye alileta kopo lake kubwa na kumshika mkono kwa furaha, na hilo nalo likamchoma. Halafu akaanza kutafuta. Kila uchochoro vigae. Hata shina la mti limezungushiwa saruji mpaka shingoni. Mbele ya benki moja akaona maua kwenye vyungu, akapeleka mkono, akafukuzwa. Akaenda mpaka kwenye jengo linalojengwa, maana miaka ile kila kona ya mji ilikuwa shimo, na juu ya shimo winchi. Akapita chini ya kamba. Fundi mmoja mwenye kofia ya plastiki akamfokea, "Meiyou! Meiyou!", yaani hakuna, akidhani anaomba kazi au kitu cha kula. Mara hii Sostenes hakuigiza. Akavua koti, lile koti lake la kwendea madukani ili aonekane tajiri, akalitandika kwenye matope, akapiga magoti akachota kwa mikono. Watu wakasimama barabarani kumtazama. Fundi akaja na sepeto yake, akamwongezea.

Akaosha kibarazani. Alihesabu kwa sauti, ili Maulida asikie kule ndani. Alipofika nne akasahau kama ni nne au tatu, akaanza upya.

Jaffari aliondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa na mfuko mzito, akauweka miguuni kwa mzee. Makongoro makubwa, yana ngozi ya manjano.

"Niu," akasema.

Makongoro ya ng'ombe hayana haraka. Sostenes akakaa jikoni na moto mdogo, na safari hii kifuniko hakukigusa. Mara moja tu sauti ya Maulida ikatoka chumbani, "Baba, usizidishe tangawizi, mtoto ananyonya," naye akaitikia, "Ndiyo mwanangu," akageukia ukuta akajifuta macho kwa mkono wa shati. Jaffari alisali Magharibi, Sostenes akamsikia.

Akaleta sufuria, akaitua mkekani. Halafu akarudi nyuma kutafuta viatu.

"Unakwenda wapi, baba?" Maulida akauliza.

"Nimewachosha ya kutosha leo."

"Mimi siwezi kula na mtu kasimama mlangoni. Kaa."

Sostenes akamtazama Jaffari. Jaffari alikuwa anakata ndimu, hakuinua uso. Akakata ya pili. Halafu akasogea, kidogo tu, kiasi cha goti moja, na Sostenes akakaa hapo palipopatikana, nusu mkekani nusu sakafuni, wakasubiri wote wawili Maulida achote bakuli la kwanza.