Machela ya Akida Stambuli

Asubuhi ile Severini alipaka mafuta ya nyonyo begani, pale mti wa machela ulipomchimba kidonda, kisha yeye na wenzake watatu wakambeba Akida Stambuli kuelekea Matombo. Akida alikuwa mtu wa kushiba. Huko nyumbani Magdalena, mke wa Severini, alikuwa shambani peke yake. Mvua zimeanza, maharage hayajapandwa.

Walipofika sokoni Mkuyuni, akida aliamuru wamtue. Koti lake jipya la serikali lilikuwa limegoma kufungika, na Bi Mwaisha aliuza dawa ya kukondesha.

"Kijiko kimoja kila Ijumaa," alisema Bi Mwaisha.

"Haina madhara?"

"Hajarudi hata mmoja kulalamika, Bwana Akida."

Akida akanywa chupa nzima palepale, maana sikukuu ya Kaisari wa Wajerumani ilikuwa karibu. Severini aliiombea dawa ile kimoyomoyo. Akida akipungua nusu, wachukuzi wawili wangetosha, na yeye angerudi kwa Magdalena.

Kwanza akida alikimbilia kichakani mara kadhaa. Halafu uzito ukamtoka, tumbo likabaki. Walipoanza kupanda kilima, Lukasi, aliyebeba nyuma, alitazama juu.

"Bwana Akida anaondoka," alisema.

"Mshike mguu," alisema Severini.

Wakamshusha kutoka usawa wa vilele vya migomba, koti lingali wazi, wakamfunga kamba kiunoni. Severini akaishika kamba kwa mkono mmoja, wakaendelea na safari wakipiga mluzi. Waliokuwa mashambani waliinua nyuso.

"Shikamoo, Bwana Akida!"

"Marahaba," aliitikia kutoka juu.

Severini akajipa moyo. "Bwana, sasa mtu mmoja anatosha. Turuhusu sisi wengine tukapande maharage."

Akida alilifikiria jambo hilo huku upepo ukimzungusha taratibu.

"Akida havutwi kama mbuzi," alisema mwishowe. "Akida hubebwa. Nendeni mtoni mkalete mawe."

Wakaleta. Wakayapanga ndani ya machela, wakamlaza juu yake na kumfunga. Akaelea kidogo na machela yake. Wakaongeza mengine, na mengine tena. Mvua ikaanza kunyesha. Severini alikunja kitambaa, akakiweka juu ya kidonda, akainama pamoja na wenzake.

"Leo tumebeba mlima," alinong'ona Lukasi.

"Polepole huko nyuma," alisema akida, akishika tumbo lake. "Hamjui kwamba mimi mwepesi?"