Kila Mtu na Dumu Lake

Tak.

Sauti ilitoka chini ya kitanda, kavu na ndogo, na Mama Kidoti akafumbua macho gizani. Lilikuwa dumu tu. Plastiki ilikuwa inajikunja kwa baridi ya alfajiri, na ndani yake mlikuwa na petroli aliyoinunua juzi kabla bei haijapanda. Hakuthubutu kuwasha kibiriti. Alipapasa mpaka akaugusa mguu wa binti yake, halafu akatega sikio upande wa pili wa pazia, alikolala mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi ndefu. Leo ilikuwa siku yake ya kusafishwa damu. Figo zake zilishachoka, mashine ya hospitali ndiyo iliyozifanyia kazi, na mashine ile haimsubiri mtu. Ukikosa zamu yako, anaingia mwingine, na maji yanaanza kukupanda miguuni, tumboni, hadi kifuani. Aliwahi kukosa zamu mara moja. Mama Kidoti hakutaka kuukumbuka usiku ule.

Kwa hali hiyo, mama mkwe asingeweza tena kupanda pikipiki. Wa kumpeleka alikuwa Polepole, dereva wa teksi aliyepanga chumba cha mwisho uani. Na Polepole alikuwa amekaukiwa.

"Mimi mafuta huweka ya siku tu," alisema jana jioni, akijikuna kisogo. "Hili gari langu linavuja. Nikilijaza, naimwagilia barabara. Na wewe, huko kwenye kituo chenu cha mafuta hukubakiza hata kidogo?"

"Hata tone," Mama Kidoti alimjibu, bila hata kupepesa macho.

Lile dumu lilikuwa la pikipiki ya abiria ya mumewe, ambaye alikuwa safarini. Akirudi asikute mafuta, watakula nini? Hivyo ndivyo alivyojitetea jana. Sasa, gizani, akiisikiliza ile pumzi nyuma ya pazia, utetezi wenyewe ulimponyoka.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba aliyewakimbiza watu kwenye pampu ni yeye. Alikuwa mhudumu wa pampu, na siku bosi aliposema bei itapanda kesho yake, huruma ilimshika. Majirani zake ni watu wa kuungaunga. Akamnong'oneza shoga yake, Mama Saluni: "Wahi ujaze. Usimwambie mtu." Mama Saluni akamwambia mmoja tu. Huyo naye akamwambia mmoja tu. Kabla ya adhuhuri foleni ilikuwa imekunja kona, magari, pikipiki, na watu wa miguu na madumu yao. Mama Kidoti alimwona mle hata muuza viatu asiyemiliki hata baiskeli.

"Na wewe petroli ya nini?" alimuuliza.

"Sijui, dada. Nimeona watu wamepanga, nikapanga."

Siku za kawaida, huyu huja asubuhi na yule jioni, kila mmoja na kidogo chake, na tangi linatosha mpaka lori lirudi. Siku ile wote walitaka ya wiki nzima kwa mkupuo. Pampu ikaanza kukohoa hewa. "Mmeficha!" watu wakapiga kelele. "Mnangoja bei mpya!" Mama Kidoti alifunua tangi la ardhini, akatumbukiza fimbo ya kupimia na kuwaonyesha: ilikuwa imelowa ncha tu. Hawakumwamini, na hakuweza kuwalaumu, maana vituo vingine vilikuwa vimefunga kamba langoni huku matangi yao yamejaa. Bosi wake hakuficha. Yeye aliagiza nusu, kwa sababu pesa zilizokuwa zinatosha lori zima sasa zilitosha nusu. Nusu ile ilipofika haikumaliza hata asubuhi. Walioiona ikiisha wakazidi kuogopa, wakarudi na madumu mawili mawili.

Hakuna aliyeiba, aliwaza. Kila mtu alichukua ya kesho yake tu, na kesho za watu wote zikaangukia siku moja.

Kulipopambazuka alitoka kubisha hodi kwa majirani, dumu lake akiwa ameliacha palepale chini ya kitanda. Kinyozi alichungulia mlangoni kwa jicho moja. "Ninayo ya jenereta tu, dada, na yote imo ndani ya jenereta." Akafunga. Mama Saluni alisimama mlangoni, kanga kifuani, mikono imeziba njia.

"Shoga yangu, hata tone."

"Sasa ndani kunanuka nini?"

"Dawa ya nywele."

Mama Kidoti alitaka kucheka. Hata tone. Maneno yaleyale, na uso uleule mkavu aliompa Polepole jana. Aligeuka bila kuaga, akaingia chumbani, akapiga magoti na kulivuta dumu. Alilibeba mpaka katikati ya ua, hadharani, watu wote wakiona.

"Polepole, jana nilikudanganya."

"Najua," Polepole alisema, akifungua kifuniko cha tangi. "Pazia lako linanuka kuliko kituo chenu."

Kidoti, binti yake, alishika shingo ya chupa iliyokatwa iwe faneli, mama yake akamimina. Polepole aliinamisha sikio kwenye tangi kama daktari. "Kwenda tutafika. Kurudi, sijui."

"Tufike kwanza."

Mama Saluni alikuwa bado mlangoni. Alimtazama mama mkwe akitolewa nje, miguu imejaa, mkono mmoja ukutani. Akaingia ndani. Wakasikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni, kisha akatoka na dumu, amenuna.

"Si zawadi hii. Nitaidai."

"Dai, shoga."

"Na nitadai kweli."

Mlango wa kinyozi ulifunguka upenyo, ukabaki hivyo hivyo.

Walipopita kituoni, foleni ilikuwa tayari imefika kwenye kona, ingawa lori halijaja. Mmoja alimtambua Mama Kidoti, akapiga kelele: "Dada wa pampu! Leo yapo?"

Alitoa kichwa dirishani. "Yakija, chukueni ya leo tu! Yatatosha!"

"Msikieni! Yeye yuko kwenye gari, anatushauri sisi!"

Wakaangua kicheko, na yeye akarudisha kichwa ndani, masikio yanawaka. Walikuwa na haki ya kucheka. Nani angekubali kuwa wa kwanza kuchukua kidogo, akimwona wa nyuma yake amebeba mawili? Hata hivyo alikuwa amesema, na kesho, akiwa na sare yake mbele ya pampu, atasema tena.

Kwenye mteremko wa mwisho Polepole alizima injini ili abakize ya kurudia, maana gari halikuacha kuvuja. Gari likaanza kuteleza lenyewe, kimya, upepo tu ukipuliza madirishani. Mama mkwe alishtuka, akaushika mkono wa mkwewe.

"Mbona kimya, mwanangu? Yameisha?"

"Hayajaisha, Mama. Tunayabana."

Hakuonekana kuamini. Alifumba macho, midomo ikicheza, vidole vyake vilivyovimba vikizidi kukaza. Kidoti alipanda magoti juu ya kiti, akaliona lango la hospitali limefunguliwa, na muuguzi amesimama pale na kiti cha magurudumu.

"Bibi, tumefika."