Samaki kwenye Ukuta wa Papa Wenceslas

Siri hainikai tumboni, kwa hiyo naisema mapema. Jumapili ile, kati ya watu wote waliokaa kwenye mabenchi ya Papa Wenceslas pale Majengo, mjini Goma, mimi Léonie peke yangu ndiye niliyejua tulichoitiwa.

Jirani yangu Mama Janvier alijua tu kwamba binti yake Nishimwe, aliye Durban kule Afrika Kusini, anafanya kazi kwenye jumba kubwa la maonyesho ya samaki hai, na kwamba siku hiyo tungetembezwa humo kwa simu. Alidhani mtoto anasugua vioo. Kumbe Nishimwe ni mpiga mbizi. Hujifunga mtungi wa hewa mgongoni, akaingia majini na kuwalisha samaki huku wageni wakimtazama. Jumatatu alitakiwa kusaini mkataba wa kudumu. Aliniandikia: "Mama Léonie, mama akikatala, sisaini. Nimechoka kumudanganya."

Na Mama Janvier alikuwa na kila sababu ya kukataa. Janvier, kifungua mimba wake, alishuka asubuhi moja kuoga kando ya ziwa, kwenye kibonde ambako mapovu hutoka chini ya maji. Sisi wa Goma tunajua maana ya mapovu hayo. Ni mazuku, ile hewa mbaya isiyoonekana, inayolala chini na kumkata mtu pumzi kabla hajaita. Janvier hakurudi. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wa nyumba ile aliyeruhusiwa kugusa ziwa. Hata sisi wawili, tunaouza sambaza, dagaa wa ziwa letu, miaka nenda rudi, huwapokea samaki wetu tukiwa tumesimama mbali na maji.

Papa Wenceslas alifunga mlango wa ukumbi wake, ambamo kwa kawaida watu huangalia mpira, akashusha pazia jeusi na kuunganisha simu ya Mama Janvier na projekta. Shuka jeupe la ukutani likageuka buluu. Kisha mabati ya juu yakawa buluu, na mikono yetu, na kitambaa cha kichwani cha Mama Janvier. Nje pikipiki ziliendelea kupiga honi, lakini kwa mbali sana, kama vile tumeteremshwa mahali taratibu bila kuulizwa.

"Bamama, munanisikia?" Alikuwa Aubin, mwenzake Nishimwe kazini, ndiye aliyeshika simu upande wa pili. "Karibuni. Nishimwe anakuya sasa hivi."

Akaanza kutembea, nasi tukatembea naye. Samaki bapa, mpana kama ungo, alipita akipepea bila haraka. Kundi la samaki wadogo weupe liligeuka lote kwa pamoja, ukumbi mzima ukametameta.

"Léonie, angalia, sambaza zinatembea!" Mama Janvier alininong'oneza. "Miye nazijuaka zenye kufa tu."

Nikamwambia anyamaze kabla hajaanza kuzipima kwa kikombe. Alicheka, na mimi nikaona aibu, maana alikuwa anacheka kama mtoto na mimi nilikuwa namficha jambo.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Samaki mmoja wa manjano alitoka kwenye shuka, akapita juu ya shati la Papa Wenceslas aliyesimama mbele, akapotelea kwenye kiwiko chake. Hakuna aliyecheka. Macho yalikuwa mazito, na hakuna aliyetaka kuyafumba.

Ndipo mtu mwenye nguo nyeusi na kioo usoni alipoteremka katikati ya samaki, akapiga magoti kwenye mchanga. Juu ya kichwa chake mapovu yalipanda kwa mafungu.

"Mazuku!" Mama Janvier alipiga kelele. "Ule mutu atoke! Mapovu, Léonie, mapovu!"

Alipanda juu ya benchi, akanivuta na mimi. Wanawake wa nyuma nao wakapanda, na mmoja wao, Bibiche, akambeba mtoto wake kichwani kabisa. Mimi niliyejua kila kitu nilikuwa nimekwisha kusimama juu ya benchi pia.

"Mama, hapana mazuku," Aubin alisema. "Ile mapovu ni pumzi yake. Akipumua, inapanda." Akasita kidogo. "Na ule mutu ni Nishimwe."

Mama Janvier hakulia, hakutukana. Aligeuka akaniangalia.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tutaongea."

Wakati huohuo mtandao ukakwama. Nishimwe aliganda akiwa ameinua mkono, na mapovu yakasimama juu ya kichwa chake, hayapandi wala hayashuki. Papa Wenceslas alishika waya huu, akashika ule. Mama Janvier aliteremka benchini, akaenda hadi ukutani, kivuli chake kikafunika nusu ya maji. Aliweka kiganja kwenye kifua cha mwanawe.

"Apumue," alisema. "Aubin, umuambie apumue."

Upande wa pili hakuna aliyemsikia. Nilijuta. Nasema wazi, nilijuta kuliko nilivyowahi kujuta, nikaanza Salamu Maria nikasahau katikati.

Halafu picha ikatikisika. Mapovu yakapanda, yakapita kati ya vidole vya mama, yakapita kwenye mkono hadi begani, na kila yalipopanda mabega yake nayo yalipanda. "Eeh," alikuwa akisema polepole. "Eeh." Samaki walimpita mgongoni. Sisi wengine tulibaki juu ya mabenchi, tukipumua naye.

Baadaye sura ya Nishimwe ilijaa ukutani, nywele zinachuruzika, alama ya kioo kwenye paji la uso. Macho yalikuwa mekundu, na sidhani ni kwa sababu ya maji.

"Mama, umeniona," alisema. "Ukisema hapana, niko naacha leo. Sitasaini."

Mama Janvier alijifuta uso kwa pindo la kitenge. Alimtazama mtoto wake kuanzia kwenye nywele hadi pale picha ilipoishia, akamtazama tena.

"Rudia mu mayi," alisema. "Siyamaliza bado kukuangalia."