Nafasi Nane Tupu

Greta Dudek alijua kabla hajaketi kwamba mwanamke huyu angemdharau, akaamua kumtangulia.

Bi Haverstock aliishi kwa kuwaingiza vijana vyuoni. Ofisi yake ilikuwa juu ya daktari wa meno, na ukutani alikuwa ametundika vibendera vya vyuo vilivyowapokea vijana wake, kama mwindaji atundikavyo pembe.

"Alama safi," alisema, akipitia karatasi. "Hisabati safi, kemia safi. Halafu tunafika kwenye shughuli za nje ya darasa, mwanangu, na hapo ni jangwa. Fomu ina nafasi kumi. Wewe umejaza mbili."

"Nimefanya mbili."

"Kwaya, nusu mwaka. Na kuuza mikate Jumamosi." Aliyatamka hayo kama mtu anayetoa unywele kwenye supu. "Vyuo hivi tisa mlivyoorodhesha vinataka viongozi. Umeongoza nini wewe?"

Mama yake Greta, ambaye muda wote alikuwa ameupakata mkoba kama mgonjwa anayesubiri kuitwa, akasogea mbele. "Mwambie habari za babu."

"Mama, acha."

"Alikuwa akitoka shule saa tisa, anakaa naye mpaka mimi nirudi kutoka kazini. Miaka miwili. Anamlisha, anamnyoa, anambadilishia shuka. Tumemzika mwezi uliopita."

Bi Haverstock aliweka kalamu chini. Greta alidhani atatoa pole. Lakini macho ya Bi Haverstock yaling'aa kama ya paka aliyesikia kifuniko cha sufuria.

"Na hazina hii mlikuwa mnanificha?"

Akaanza kuandika mbio. Wataunda shirika la kuwasaidia wazee, walipatie jina la babu. Greta atakuwa mwanzilishi na rais. Rafiki watatu waende naye nyumba ya wazee Jumamosi moja, wapige picha na vikongwe wawili watatu wanaotabasamu. Tovuti itakamilika kwa wiki moja.

"Tutasema lilianza ukiwa darasa la tisa."

"Halikuanza."

"Mpenzi, kila kitu kina siku kilipoanza. Sisi tunachagua tu siku ipi."

"Brynn Castellano naye alikuwa mtu wako?" Greta aliuliza.

"Brynn! Nyota yangu!"

Shule nzima ilimjua Brynn. Alikusanya jozi arobaini na moja za viatu vya kutelezea kwenye barafu, akawapelekea watoto wa nchi ambayo barafu yake yote imo ndani ya friji. Alipigiwa makofi ukumbini. Sasa yuko chuo chenye ukuta wa mawe, na wale watoto, Greta aliwaza, wana vyuma vizuri vya kukatia kabichi.

Jumapili mchana, huko nyumbani, kitongoji cha Parma, alifungua fomu kwenye meza ya jikoni. Redio ilikuwa ikipiga polka, muziki wa dansi wa kizee, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuhamisha stesheni ya babu Kazik. Shirika hakuliandika. Alitaka kujaribu ukweli peke yake, aone kama utaenea.

Shughuli: kumtunza babu. Cheo chako: mjukuu. Saa kwa wiki: ishirini na tano. Wiki kwa mwaka: aliandika hamsini na mbili, akakumbuka, akafuta. Mwaka huu zilikuwa thelathini na nane.

Kisha maelezo, herufi zisizozidi mia na hamsini. Aliandika jinsi babu alivyoinua kidevu wembe ulipokaribia, kama bwana harusi. Jinsi alivyomenya viazi kwa mikono inayotetemeka, ganda jembamba kama karatasi, huku akimcheka yeye: "Wewe kidege, unamenya au unachonga?" Fomu ikakataa, yamezidi. Akaondoa wembe. Akaondoa viazi. Akaondoa jina. Yakabaki maneno sita: nilikuza huruma na uwezo wa kuongoza. Aliyasoma akahisi kama ameshika mkono wa Bi Haverstock, wenye jasho.

Chini yake palikuwa na swali la mwisho. Je, unakusudia kuendelea na shughuli ya aina hii chuoni? Ndiyo. Hapana.

Wa kuendelea naye alikuwa kaburini. Halafu akafuta nafasi yote, na ukurasa wote, akachukua ile orodha ya vyuo tisa na kuvipiga mstari kimoja kimoja. Akafungua fomu ya chuo cha jimbo, mwendo wa dakika hamsini kwa basi. Kiliuliza masomo aliyosoma na alama alizopata. Basi. Alimaliza kabla polka haijaisha.

Jumatatu, alipopata habari, Bi Haverstock alipiga simu. "Chuo kile? Kile kinamchukua yeyote mwenye alama!"

"Ninazo."

"Unajizika, mwanangu!"

"Kuzika tumeshazika, Bi. Na picha hatukupiga."

Akakata. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, amesikia yote. Alikuwa na ndoto ya kile kibendera naye, na Greta aliiona ikimtoka usoni polepole.

"Una hakika?"

"Chuo hiki hakikuniuliza habari za babu, mama."

Mama akavuta kiti cha babu, akaketi, akamsukumia Greta bakuli la viazi na kisu. Aliangalia maganda matatu yakianguka.

"Unamenya," akasema, "au unachonga?"