Pembe ya Msaragambo

Mzee Eliufoo alipuliza pembe ya kuwaita wanakijiji kwenye msaragambo, kazi yao ya pamoja, akatangulia kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba ya kijiji, ambalo lilikuwa limejaa tope. Alikuwa amemwacha mkewe, Eliakunda, kitandani na homa. Hata akiwa mzima, huyo mama huwa wa mwisho kufika kazini, na mzee humgombeza mbele za watu.

Alisubiri mpaka jua likawa kali. Hakutokea mtu hata mmoja.

"Wavivu wakubwa!" Akateremka kwa hasira, akihema, hadi kwa jirani yake Beatha aliyekuwa akipalilia maharage.

"Shikamoo, babu."

"Shikamoo ya nini? Pembe imelia, nyinyi mmekaa tu! Hamna hata haya?"

"Hatujaisikia, babu."

"Mbona siku zote mnakuja?"

Beatha akatazama chini. "Ukishapuliza, bibi hupita nyumba kwa nyumba kutuita. Leo hajapita."

Eliufoo aliitazama pembe mkononi mwake. Daktari wa kule Same alishamwambia kwamba mtu akizeeka mapafu hayavuti pumzi kama ya ujanani, wala si ugonjwa. Mzee alimcheka daktari. Alimwambia apande huku milimani asikie pembe.

Alirudi nyumbani pembe ameificha ndani ya koti. Alimkuta Eliakunda mlangoni, anatetemeka, anajifunga kanga.

"Usinigombeze, Baba Eva," alisema. "Najua nimechelewa tena."