Asante ya Bwana Haskini

Mapepo ya Temeke ya miaka ile yalikuwa na adabu zake. La ruhani likitaka ubani na halua linasema kwa staha. La kishenzi likitaka mbuzi linasema mbuzi, watu wakachanga, yakaisha. Lakini lililompanda Tunu, mke wa Mfaume, mara tu baada ya vita ya pili ya Wazungu kwisha, lilikuwa la Kizungu, nalo halikuomba kitu. Liligomba tu.

Lilianza saa kumi alasiri. Tunu alikuwa uani anapepeta mchele. Ungo ukamponyoka, akakaa wima kama aliyevalishwa kola, akanguruma kwa sauti nene: "Mfaume! Yu bladi fuli!"

Mfaume akauacha mpini aliokuwa akiuchonga. Halikumshtua tusi, lilimshtua jina. Tangu waoane, Tunu hajapata kulitamka jina la mumewe, kwake yeye ni baba Salma, na hasira zikimpanda ni "wewe baba Salma!" Na Kiingereza hakujua hata cha kumfukuzia paka. Tena sauti yenyewe Mfaume aliijua. Ilikuwa ya Bwana Haskini, aliyemtumikia kama boi kule Uzunguni, akamfulia na kumpikia chai miaka nenda miaka rudi, mpaka homa ikamchukua bwana, akazikwa.

Kiingereza chote cha Mfaume kilitoka katika kinywa kile, nacho kimekasirika. Hakujua kuulizia njia wala kununulia sabuni, lakini hasira aliijua ngazi kwa ngazi. "Bladi fuli" ilikuwa kama kuamkiwa. "Dem yu" maana yake maji ya kuoga yamepoa. Bwana akipiga kelele kuwa ameona rangi nyekundu, unainamisha kichwa, unacheka jikoni, na kesho kazi ipo. Siku ya kuogopa ni ile anaposhusha sauti. Akikutaja jina polepole, akasema, "Thenki yu. Zati wili bi oli," yaani ahsante, basi, inatosha, jua umekwisha. Alimwambia mpishi hivyo, jioni mpishi hayupo. Alimwambia mkewe, naye akapanda meli. Alimwambia mbwa wake mzee, kisha akaenda kuchukua bunduki.

Akaitwa Bi Somoe, fundi wa kupunga pepo. Kilinge kikawekwa uani, jua linawaka, kwa kuwa pepo lenyewe halikuja saa nyingine. Majirani wakajaa. Ubani ulipofuka tu, Tunu akapandisha, maneno yakamwagika.

"Anasemaje?" akauliza Bi Somoe.

"Anasema amefika mwisho wa kamba yake," Mfaume akafasiri.

"Kamba ya nini? Kwani mbuzi huyu?"

"Ndivyo wasemavyo wakichoshwa na mtu, bibi."

"Basi mfungueni!" akadakia Nassibu, jirani asiyekosa la kusema. "Aende kwao Ulaya akale majani!"

Watu wakacheka. Pepo likamgeukia Nassibu, likanguruma.

"Na hilo je?"

"Anasema damu yake inachemka."

"Tieni majani, tunywe chai!" akadakia tena Nassibu.

Kicheko kikavuma, lakini Bi Somoe akainua mkono. "Nyamazeni. Saa kumi kila siku, na huyu Mfaume alikuwa boi wake. Huyo anadai chai yake. Mfaume, mpikie kama ulivyokuwa ukimpikia."

Mfaume akapika. Akaweka kiti na meza, kikombe na kisahani, maziwa mkono wa kushoto. Tunu akaketi, akanywa. Uso ukalainika. Sauti ikatoka nyororo, polepole:

"Thenki yu, Tunu. Zati wili bi oli."

Vigelegele! "Kashukuru!" akapaza Nassibu. "Hicho Kiingereza hata mie nakijua!" Bi Somoe akaanza kufunga mkoba wake.

Mfaume alimshika mkewe mkono, akaukuta baridi kama mtungi. Tunu akavuta pumzi moja, kisha kimya. Akavuta nyingine, kimya kikazidi. Midomo ilikuwa inageuka rangi, na wanawake bado wanapiga vigelegele. Bwana alikuwa amemfukuza Tunu katika mwili wake mwenyewe.

Hakuwa na muda wa kumweleza mtu. Bwana anayekugombeza angali anakutaka. Basi na agombe. Mfaume akakinyakua kikombe, akaimimina chai iliyobaki kisahanini, akaifyonza mbele ya uso wa bwana, asiyevumilia mlio wa mnywaji: fyuuu!

"Yu bladi, dem, blasti fuli!"

Kuku wakaruka mpaka juu ya makuti. Na damu ikarudi vidoleni mwa Tunu.

Tangu hapo kila saa kumi Mfaume alimpelekea bwana chai mbovu. Leo chumvi, kesho nzi, mtondo maji ya uvuguvugu. Bwana hutukana mpaka akatosheka, akashuka, na Tunu akaushika ungo wake asijue lililopita. Majirani walisema Mfaume kalishwa kitu, anatukanwa na mkewe naye anachekelea. Aliwaacha waseme. Alichoogopa ni upole. Hata Tunu mwenyewe akimwambia "Ahsante," roho ilimruka mpaka asikie "baba Salma" inafuata.

Salma akakua, akaolewa Kinondoni. Siku chache baada ya harusi, mvua za vuli zinanyesha, Mfaume akaleta chai ya chumvi kama desturi. Tunu akaonja. Hakutukana. Akakiweka kikombe mezani bila mlio.

"Mfaume," ikasema sauti, polepole. "Thenki yu. Zati wili bi oli."

Kisahani kilikuwa hapo hapo. Mfaume akakishika, midomo tayari kufyonza. Kisha akalifikiria jina lililotajwa. Akavitazama vidole vya mkewe: vina joto, na hina ya harusi bado imekoza. Vilivyoanza kufa ganzi ni vya kwake.

Akikasirishwa tena, kesho bwana ataweza kumtaja Tunu.

Akakirudisha kisahani chini ya kikombe, kwa heshima, mahali pake.

"Yesi sa," akasema, akaenda kujilaza mkekani.

Tunu akaamka, akaona chai mbele yake. Akainywa, akaitema. "Wewe baba Salma! Chai gani hii? Au wataka kuniua?"

Akaenda kumtikisa pale mkekani, akamkuta baridi, pumzi imekwisha.

Pepo halikumrudia Tunu tena. Lakini saa kumi alasiri, uani pale palipobaki kiti kitupu, watu waliopita walisikia Mzungu akifoka, bladi fuli, dem yu, hata Nassibu akahama njia. Tunu yeye hakuhama. Aliendelea kupepeta mchele, kichwa ameinamisha, akisubiri ile kelele ikatike kidogo ili aisikie sauti ya pili, ndogo, ikitokea upande wa meza: fyuuu.